Vitamini Ndani ya Uji wa Mama Hirwa

Jumatatu, 6 Oktoba

Asubuhi nzima hospitalini. Mke wangu ameketi! Ameketi mwenyewe, bila kushikwa, na wiki haijaisha tangu apasuliwe. Kizazi kilijaa uvimbe, wakakitoa chote. Mimi nilipong'olewa jino nililala siku mbili na kuomba mchungaji aitwe.

Illuminée si mtu wa kawaida. Hata siku ya upasuaji, akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, alikuwa kwenye simu akiwagombeza wanawake wa ushirika wake wa mboga kuhusu karoti zilizooza pale mpakani, Petite Barrière. Nesi akamwomba ile simu. Akamwambia angoje kidogo. Nesi akangoja! Mlango ukafungwa bado anasema wafungue gunia ya chini, ile ya chini. Nikabaki kwenye korido nimeshika kandambili zake. Sijawahi kuogopa vile. (Naandika hapa tu. Nje niliwaambia watu macho yangu yana vumbi.)

Leo nesi Belise ameniita pembeni. Binti mwembamba, sauti ya upole, macho ya afisa wa forodha. Amesema kidonda kinapona vizuri, sasa tuchunge mkojo. Ule mpira wa kutolea mkojo waliomwekea huwapa vijidudu njia, na wanawake wengi hupata maambukizi baada ya upasuaji wa namna hii. Nikamuuliza mume afanye nini. Akasema mengi: maji ya kutosha, choo kisichomsumbua kukifikia, asibane mkojo, amalize dawa zote alizoandikiwa.

Maji! Choo! Hiyo nayo ni kazi ya mume? Hata jirani anaweza kuleta maji.

Mtaani kwetu Mbugangari wananiita "bwana ya Illuminée", kana kwamba sikupewa jina. Nilipewa: Bizumuremyi. Nina kibanda cha picha za paspoti na fotokopi karibu na mpaka wa Rwanda na Kongo. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, na Kiswahili changu kimenyooka kuliko cha mtaa mzima. Nani anajali? Hakuna.

Jioni, simuni, nimeona video. Mtu mwenye koti jeupe anasema vitamini huzuia maambukizi ya mkojo kwa wanawake waliopasuliwa. Vitamini C, pamoja na tunda fulani jekundu la Amerika, linalokaushwa na kutiwa ndani ya vidonge. Nimeitazama mpaka chaji ikaisha.

Nimepata! Illuminée wangu, Mama Hirwa kama tunavyomwita kwa jina la mtoto wetu, hataumwa mkojo hata kidogo. Daktari atashangaa, atauliza ni nani aliyefanya haya, na watu wote watageuka kunitazama.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimefika wodini na kumkuta Niyomugabo. Jirani yetu, seremala. Ameleta matunda ya pasheni kwenye kikapu alichokisuka mwenyewe, kana kwamba vikapu havinunuliwi. Huyu ndiye aliyechaguliwa kiongozi wa kwaya mwaka jana badala yangu, eti mimi naimba kwa haraka. Illuminée alikuwa anacheka huku ameshika tumbo, akimwomba asimchekeshe, nyuzi zitakatika. Mimi sijamchekesha hivyo tangu aingie hospitali. Nimemshukuru Niyomugabo kwa ubaridi. Hakuona ubaridi. Amenipa pasheni.

Sawa. Yeye na matunda yake, mimi na sayansi yangu.

Nimefunga kibanda, nimevuka mpaka kwenda Goma. Kwenye famasi ya kwanza hawakunielewa. Ya pili walinielewa vibaya wakanipa dawa ya minyoo. Ya tatu, furaha! Chupa kubwa, juu yake picha ya tunda jekundu linalong'aa na mwanamke mzungu anayekimbia ufukweni. Mwanamke huyo haoneshi dalili yoyote ya maambukizi. Nimechukua pia vidonge vya vitamini C, vile vya kutia ndani ya maji.

Kurudi, pale Petite Barrière, foleni ndefu, wanawake na mabeseni, wanaume na mikokoteni. Afisa ameuliza nina nini mfukoni. Nami, kwa Kiswahili safi na sauti ya kusikika, nimemjibu kwamba ni virutubisho vya kuzuia maambukizi ya njia ya mkojo.

Kosa kubwa. Nyuma yangu alikuwa mwanamke wa ushirika wa Illuminée, na yeye akapaza sauti zaidi yangu:

"Ayi we! Bwana ya Illuminée iko na ugonjwa ya mukojo! Pole sana, papa!"

Foleni nzima imenipa pole. Wanaume wa mikokoteni wamenipisha nipite mbele, wasije wakanichelewesha. Nilijaribu kueleza kwamba mgonjwa si mimi. Wakatikisa vichwa kwa huruma, kama watu wanaojua kwamba kila mtu husema hivyo. Dereva wa pikipiki aliyenirudisha nyumbani amenishauri nisikae juu ya vitu vya baridi.

Haidhuru. Chupa ninayo.

Jumatano, 8 Oktoba

Illuminée ametoka hospitali! Mpira wa mkojo umetolewa. Alitembea hadi langoni kwa miguu yake, polepole, kitenge kimefungwa vizuri, akiwaaga wagonjwa kwa majina, kila mmoja, hata yule bibi wa pembeni asiyesikia. Mimi baada ya wiki nzima nilikuwa sijui jina hata moja.

Kabla ya kuondoka nilimwambia Belise kuhusu vitamini. Akasema nisimpe kitu chochote kabla ya kumwuliza daktari. Nikamfuata daktari. Daktari Umutesi ni mwanamke mwenye hatua ndefu, alikuwa anakimbilia mgonjwa mwingine. Nikamuuliza nikiwa nakimbia pembeni yake kama vitamini ni nzuri. Akasema bila kugeuka kwamba matunda na mboga ni muhimu sana. Tayari! Daktari amekubali. Tunda ni tunda, hata likiwa ndani ya chupa.

Nyumbani tumemkuta mama mkwe, Mukandutiye, ameshuka kutoka Busasamana na unga wa mtama na maneno mengi. Atakaa mpaka binti yake apone. Amenitazama kuanzia viatu akapanda juu. Hakufika usoni, aliishia kwenye mkanda.

Mvua tangu mchana. Choo chetu kiko nyuma ya nyumba, unashuka ngazi za mawe meusi ya volkano, na mvua ikinyesha mawe yale huwa kama sabuni. Illuminée amesimama mlangoni akaziangalia muda mrefu. Kisha akaniambia kwa upole:

"Papa Hirwa, hizi ngazi ziko nateleza. Utengeneze kidogo, na uweke mbao ya kushikilia. Tumbo bado inaniuma nikishuka."

Nikasema kesho asubuhi, kitu cha kwanza.

Kisha nikaitoa chupa, kwa madaha. Akaisoma pande zote. Akauliza kama daktari ameiandika. Nikasema kwa namna fulani. Akauliza namna gani. Nikaeleza habari ya matunda na mboga. Akanirudishia chupa.

"Bon. Hajaandika. Donc sitameza."

Mwanamke wa msimamo! Ndiyo maana wafanyabiashara wa Goma wanamwogopa. Lakini mimi sijashindwa. Mtoto anayekataa dawa hufanywaje? Anatiwa ndani ya chakula.

Alhamisi, 9 Oktoba

Niliamka mapema, nikasema leo uji nitapika mimi. Mama mkwe akaweka mkono kifuani. Katika ndoa yetu yote sijawahi kupika uji. Akatoka nje kutazama kama mbingu ziko mahali pake.

Nikapata nafasi. Nimetia kidonge cha vitamini C kwenye kikombe cha uji wa moto. Kisha cha pili, kwa uhakika.

Sikujua! Vidonge hivi vinachemka. Uji umenguruma. Umepanda juu, umetoa povu la rangi ya machungwa, umemwagika mezani, umeshuka mpaka kwenye soksi zangu. Nikaufunika kwa sahani, ukainua sahani. Mama mkwe akaingia.

"Mana yanje! Hii uji iko na shetani!"

Nikasema ni unga mpya. Akasema unga aliusaga yeye mwenyewe. Nikasema labda ni hali ya hewa. Akakibeba kikombe kwa kutumia koleo la mkaa akakimwaga nje, akiomba kwa Kinyarwanda. Kuku wa jirani wakaja wakala. Hawakufa. Naliandika hilo kama ushahidi wa kitabibu.

Illuminée kutoka chumbani aliuliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu, pumzika. Asubuhi yote nimepangusa meza. Ngazi nitatengeneza kesho, leo mvua.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ushindi! Nimeacha vile vya kuchemka. Nimechukua vidonge vya tunda jekundu, nikavifungua, nikamwaga unga wake kwenye uji, nikakoroga taratibu. Haukunguruma. Ukawa tu wa rangi ya waridi kidogo. Illuminée akanywa! Akasema una uchachu. Nikasema nimetia limau. Akanitazama, akatabasamu kwa uchovu, akasema asante, Papa Hirwa, umejisumbua. Nikasikia joto kifuani. Nilikaribia kumwambia. Sikumwambia.

Na dawa inafanya kazi. Nimeanza kuchunguza kama mtaalamu. Zamani alikuwa anakwenda choo mara kwa mara. Leo amekwenda asubuhi, halafu jioni, basi. Mkojo umetulia kabisa! Termosi ya maji niliyomwekea asubuhi, jioni bado imejaa: hata kiu imeisha. Mwili umeridhika na vitamini.

Alipotoka kwenda choo jioni alishuka zile ngazi kwa kukaa, jiwe moja hadi jingine, mama yake akimshika kwapa, mvua ikiwanyeshea wote wawili. Hakulalamika. Aliporudi alikuwa mweupe midomoni lakini akamfanyia mama yake utani, akasema hata kwenda Goma ni rahisi kuliko choo cha Bizumuremyi. Mimi nilicheka sana. Ana moyo, mwanamke huyu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niyomugabo amepita. Alisema amekuja kumjulia hali mgonjwa, lakini macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye ngazi. Akazikanyaga kwa mguu. Akasema zinacheza. Akasema ana mbao zilizobaki kazini na simenti kidogo, akinisaidia tutamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Nikamwambia asante, mwenye nyumba yupo. Ngazi zangu nitazitengeneza mwenyewe kwa wakati wangu. Akasema sawa, lakini mgonjwa hasubiri wakati wa mtu. Anapenda kusema maneno kama yuko mimbarani. Kwaya imemharibu.

Mimi nina mambo makubwa zaidi. Nimefikiria: wanawake wangapi wanapasuliwa hapa Rubavu? Wangapi wanahitaji chupa kama hii? Kibandani kwangu nitaweka rafu moja. Na ukutani, picha ya Illuminée aliyepona, akinitazama kwa furaha. Nimeleta kamera, nimemwomba akae dirishani penye mwanga. Akauliza ni ya nini. Nikasema ya kumtumia Hirwa, mtoto wetu, huko Kigali. Akajifunga kitambaa cha kichwa, akajitahidi kutabasamu.

Picha haikutoka vizuri. Alikuwa anatetemeka. Akasema anahisi baridi. Nikasema ni upepo wa ziwa, nikafunga dirisha.

Usiku mwema. Au si mwema, sijui. Nimeitazama tena ile picha. Macho yake hayanipendezi.

Jumapili, 12 Oktoba

Andika, Bizumuremyi. Andika tu.

Niliporudi kutoka kanisani nilimkuta amejikunja kitandani, meno yanagongana, mwili moto kama chungu. Mama yake amekaa pembeni na kitambaa chenye maji. Illuminée, ambaye alipata mtoto akiwa njiani kutoka sokoni na kesho yake akauliza bei ya vitunguu, alikuwa analia. Hakulia kwa sauti. Machozi tu yalikuwa yanateremka masikioni. Akasema akikojoa ni kama moto, na mgongoni chini ya mbavu kama mtu anampiga.

Nilikimbia barabarani bila viatu kutafuta gari. Ni Niyomugabo aliyelipata, kwa shemeji yake. Nilikaa nyuma, kichwa chake mapajani mwangu. Mashimo yote ya barabara nimeyasikia mimi. Nilikuwa namwambia Mungu achukue kibanda. Achukue kamera. Achukue hata Kiswahili changu.

Hospitalini, Belise alikuwa zamu. Akamwandalia kikopo cha mkojo, akampima joto, akamuuliza maswali moja moja bila haraka. Anakunywa maji? Kidogo, kasema Illuminée. Kwa nini kidogo? Akavuta shuka hadi kifuani. Kisha akasema, akitazama ukuta:

"Ngazi ya choo iko nateleza. Niliogopa kuanguka, nyuzi zikatike. Na mama ni muzee, sitaki kumuangusha. Donc nilipunguza maji. Na ikinibana, nilivumilia."

Nilikuwa nimesimama hapo. Termosi iliyojaa. Mkojo uliotulia. Mimi, mtaalamu! Nilitamani sakafu ifunguke.

Haikufunguka. Belise akauliza kama kuna dawa nyingine yoyote anayotumia, hata ya kienyeji. Illuminée akasema hakuna. Hapo mama mkwe akaingiza mkono ndani ya kitenge chake, akatoa chupa yenye picha ya mwanamke mzungu anayekimbia, akaiweka mezani: tok.

"Niliipata nyuma ya unga," alisema. "Bwana yake iko naweka ndani ya uji yake. Mi niliona rangi."

Illuminée alinigeukia. Nimeishi na mwanamke huyu miaka mingi, najua hasira zake zote, kila moja ina jina. Hii sikuijua. Aliniangalia kama mtu anayetafuta sura ya mtu mwingine.

Akaniuliza kwa sauti ndogo: "Nilisema sitaki. Hukusikia?"

Nilisema nilisikia. Nilisema niliogopa. Nilisema ile siku ya upasuaji, pale koridoni, nilifikiri mlango ule hautafunguka tena, na nilitaka kufanya kitu, kitu chochote kikubwa.

Akafumba macho. Akasema:

"Kitu kikubwa ilikuwa ngazi, Papa Hirwa."

Jumatatu, 13 Oktoba

Homa imeshuka! Dawa ya mshipa imefanya kazi. Asubuhi ameomba chai, kisha ameomba simu, kisha amemgombeza mtu wa Goma kuhusu kabichi. Nimekwenda nyuma ya wodi nikalia kidogo. Vumbi.

Daktari Umutesi amekuja akakaa kitandani kwake. Mimi nimesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Nilijua nitapigwa maneno. Lakini kabla daktari hajaanza, Illuminée ameichukua ile chupa akamuuliza yeye. Maswali! Nilitamani mngekuwepo. Hii kitu inafanya nini mwilini? Nani aliipima, kwa wanawake gani? Mtu akiimeza pamoja na dawa zilizoandikwa, zinagombana? Daktari alikuja na haraka, akasahau haraka yake.

Akajibu yote. Kwamba vitamini si adui, na mwili uliopungukiwa nazo huzihitaji. Kwamba kuhusu lile tunda jekundu watafiti bado hawajakubaliana: wengine waliona limewasaidia baadhi ya wanawake waliowekewa mpira baada ya upasuaji, wengine hawakuona tofauti. Kwamba anayetaka kulijaribu amwambie daktari wake kwanza, waangalie pamoja. Lakini hakuna kidonge kinachokaa mahali pa maji na choo. Na kidonge cha siri ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu mgonjwa akizidiwa, anayemtibu anatafuta gizani.

Aliposema "siri" aliniangalia. Nilichunguza kucha zangu.

Kisha likatokea jambo ambalo nitalikumbuka hadi uzeeni. Daktari alipoondoka, kitanda cha pili, msichana aliyepasuliwa juzi alimnong'oneza Illuminée kitu. Illuminée akamwuliza kwa sauti, kwa nini ananong'ona? Msichana akaona haya. Alitaka kujua kama ni kweli kwamba kubana mkojo kunaumiza, maana yeye anabana, anaona aibu kumwita nesi.

Mke wangu akajisogeza, akakaa vizuri, mpira wa dripu mkononi. Akawaambia wanawake wote wa ile wodi:

"Musikie. Mimi nasimamia wanawake kwa mupaka, siogopi askari, siogopi wanaume ya Goma. Lakini niliogopa kusema nataka kukojoa. Angalia pahali nimefika! Mukojo si haya. Haya ni kufa juu ya mukojo. Ukitaka maji, sema. Ukitaka choo, sema. Nesi akichelewa, piga kelele, mi nitakusaidia kupiga."

Yule bibi wa pembeni, ambaye siku zote nilidhani hasikii, akapiga makofi. Wakapiga wote. Msichana akamwita Belise palepale. Halafu mwingine. Halafu wa tatu. Belise alikimbia na vyombo mpaka jasho likamtoka, lakini alikuwa anacheka.

Nilikuwa najua nimeoa mwanamke hodari. Lakini leo nimemtazama kama mtu anayemwona mara ya kwanza. Nikajiambia: mwanaume mwenye akili, akipata mke kama huyu, angefunga mdomo na kushika nyundo.

Jumatano, 15 Oktoba

Tumerudi nyumbani. Na ngazi hazipo! Yaani zipo, lakini si zile. Mawe yamepangwa upya na kushikwa kwa simenti, juu yake imekwaruzwa mistari ili mguu usiteleze, na pembeni kuna mbao ya kushikilia, ndefu, laini, kutoka mlangoni mpaka chooni. Niyomugabo! Mama mkwe alimpa ruhusa tulipokuwa hospitali. Hakuniuliza.

Nilikasirika sana. Nikashuka kutafuta kosa. Nikatikisa mbao. Haikutikisika. Nikaruka juu ya jiwe. Halikucheza. Kazi nzuri mno, inaudhi.

Illuminée akaja, akashika mbao, akashuka mwenyewe. Hatua kwa hatua, bila mtu. Kule chini akageuka akatuangalia sisi tuliosimama juu, akainua mkono kama aliyeshinda uchaguzi. Mama mkwe akapiga vigelegele. Na mimi nikapiga, kwa sauti ya chini. Kisha nikamwendea Niyomugabo, nikamwambia asante. Neno hilo lilikwama, lakini lilitoka. Akasema si kitu, na kwamba kwaya inanihitaji, sauti ya nne hawana mtu. Nikamwambia nitafikiria. (Nitakwenda.)

Ili na mimi mkono wangu uwepo, mchana nimeipaka ile mbao rangi. Kijani kibichi. Imependeza. Nikasahau kusema bado ni mbichi. Illuminée ana viganja vya kijani, mama mkwe ana kitenge cha kijani, na mpini wa mlango wa choo unaeleza historia yote. Illuminée alitazama mikono yake, akanitazama mimi, akaanza kucheka. Alicheka akishika tumbo, ananiomba ninyamaze wakati nilikuwa sijasema chochote.

Nimemchekesha! Mimi, si Niyomugabo!

Jumamosi, 25 Oktoba

Asubuhi umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, tumesafisha mifereji. Mchana wanawake wa ushirika wamejaa uani. Illuminée bado haruhusiwi kubeba mzigo, lakini hakuna aliyemkataza kuongea. Amewaeleza habari yake yote, bila kuficha. Halafu akawauliza: kwenye foleni ya mpaka, tangu alfajiri, nani kati yao hubana mkojo kwa kuogopa kuacha beseni lake? Wameinamisha vichwa wote. Akasema kuanzia Jumatatu watapanga zamu, mmoja analinda mabeseni ya wenzake wanapokwenda choo na kunywa maji, na atakayemcheka mwenzake atalinda mabeseni wiki nzima. Wamekubali palepale. Mwanamke mmoja mzee alimshika mkono akaushikilia kwa muda mrefu.

Jioni tumekaa wawili. Mkojo wake safi, Belise amethibitisha jana. Akaniambia nimwapie kitu kimoja. Kwamba sitatia tena kitu ndani ya chakula chake bila kumwambia. Akasema yeye akinywa kikombe kutoka mkononi mwangu anataka kukinywa akiwa amefumba macho. Nimeapa. Nimeapa kwa moyo wote, machozi karibu. Chakula chake, kamwe, kamwe, kamwe! Nimekuwa mtu mwingine. Naliandika hili ili lisomwe nikifa.

Mama mkwe atabaki nasi mpaka Noeli. Magoti yanamsumbua, maskini. Akiinuka kwenye kiti yanalia kama mlango. Amekataa kwenda kuonwa hospitali, anasema ni uzee. Mzee mkaidi, lakini alimlinda binti yangu, yaani binti yake, yaani mke wangu, na siwezi kusahau.

Sasa, kuna video. Mtu mwingine kabisa, koti jeupe zaidi. Anasema mafuta ya samaki hulainisha magoti. Mafuta ya samaki! Na sisi tunakaa kando ya ziwa lililojaa sambaza, dagaa wa hapa! Nimekwisha kuzikausha juu ya paa la kibanda, na kesho nitazisaga ziwe unga laini kabisa.

Mama mkwe hunywa chai yenye maziwa mengi na tangawizi. Hataona kitu.